Sura ya Sita: Shoka, Mguu wa Bandia na Doti ya Kanga

Mwaka 2003, jijini Zagreb, mji mkuu wa Kroatia, wapenzi wawili waliachana baada ya miaka minne. Mwanamke, Olinka Vištica, alikuwa mtayarishaji wa filamu. Mwanamume, Dražen Grubišić, alikuwa msanii. Waliachana bila kurushiana masufuria, na labda ndiyo maana waliweza kukaa meza moja kuulizana swali ambalo wengi wetu huliruka: hivi vitu tunavifanya nini?

Aliyewahi kugawana nyumba anajua hesabu hiyo inavyokwenda. Redio ni yako, uliinunua kabla hatujajuana. Zulia ni langu, nililetewa na mama. Halafu vinabaki vitu visivyo na mwenyewe, ambavyo bei yake haifiki hata nauli ya daladala, na hivyo ndivyo vinavyoumiza. Hawa wawili walikuwa na sungura mdogo wa kuchezea, wa kutia ufunguo. Walikuwa wamepatana kwamba sungura yule atazunguka dunia: mmoja wao akisafiri peke yake, ambebe. Safari yake haikwenda mbali. Ilikomea Iran, na ipo picha yake amesimama mchangani, jangwani karibu na Tehran. Sasa sungura ni wa nani? Ukimchukua wewe, umenidhulumu. Ukimtupa, umetutupa sote wawili. Wakataniana kwamba dunia ingekuwa na jumba la kuhifadhi vitu vya namna hii, ingepumua.

Utani ule ulilala miaka mitatu. Mwaka 2006 Dražen akamtafuta mwenzake wa zamani, wakaanza kupita kwa marafiki wakiomba masalia ya mapenzi yao: leteni mlichobaki nacho, na mtuandikie maneno machache. Mwaka huohuo wakayatoa hadharani kwa mara ya kwanza, Zagreb, kwenye jumba la sanaa la Glyptotheque. Baada ya hapo mkusanyiko ukawa msafiri kuliko sungura. Ulikwenda Ujerumani, Uturuki, Singapore, Ufilipino, Argentina, Afrika Kusini, na kila ulipotua wenyeji walikuja na mifuko yao. Mwaka 2007 watu wa Berlin peke yao walitoa vitu zaidi ya 30. Katika miaka ile minne ya kuzunguka, watazamaji walipita 200,000.

Waasisi waliomba serikali iwape mahali, hawakupata. Wakajikodishia wenyewe nafasi ya mita za mraba 300 katika Mji wa Juu, mtaa mkongwe wa Zagreb, karibu na kanisa la Mtakatifu Marko lenye vigae vya rangi. Ukitoka mjini chini unaweza kupanda kwa behewa linalovutwa kilimani kwa kamba ya chuma, safari fupi kiasi kwamba hujamaliza kutafuta chenji mfukoni umeshafika. Juu pale kuna mnara ambao mzinga wake hulipuliwa kila siku saa sita mchana. Makumbusho yakafunguliwa Oktoba 2010 kwa jina la Makumbusho ya Mahusiano Yaliyovunjika, na mwaka uliofuata yakapewa Tuzo ya Kenneth Hudson, inayotolewa Ulaya kwa makumbusho yenye ujasiri wa kufanya jambo jipya.

Sasa niseme nilichojia. Nimetazama maonyesho mengi ya sanaa yaliyojipa kazi ya kueleza mapenzi. Mengi huishia kwenye mioyo myekundu, miili iliyokumbatiana, machweo na waridi. Ukitoka mlangoni umeshasahau. Mapenzi ni kikohozi, wahenga walisema, hayafichiki. Lakini kikohozi nacho hakichoreki. Ile nyumba ya Zagreb imefaulu mahali ambapo wachoraji wengi hodari wameshindwa, na siri yake iko katika kikaratasi kidogo kilichobandikwa kando ya kila kitu.

Mfano ni shoka. Ni shoka la kawaida, la mpini wa mbao, la kupasulia kuni. Ukilikuta dukani hulitupii jicho. Lilitoka Berlin. Soma maelezo yake: aliyelitoa alikuwa amemkaribisha mpenzi waishi pamoja, mtu wa kwanza kabisa kumfungulia mlango kiasi hicho. Miezi michache baadaye akasafiri kwenda Marekani kwa wiki tatu. Aliporudi akaambiwa, nimempata mwingine. Yule mwenzake akafukuzwa, akaenda zake mapumzikoni na huyo mpya, lakini samani zake akaziacha: makabati, meza, viti, vyote vimebaki vimekaa chumbani kama vinasubiri chai. Aliyeachwa akaenda kununua shoka. Akajiwekea utaratibu, kila siku kitu kimoja. Leo kiti, kesho meza. Siku kumi na nne. Na hakuacha fujo. Kila alichokipasua alikipanga vizuri, kichungu kwa kichungu. Mwenye samani aliporudi kuchukua vyake alivikuta vimepangwa, akabeba vipande vyake akaondoka moja kwa moja.

Mimi kinachonikamata ni vile vichungu. Hasira ya siku moja ni ya kawaida. Tumeona nguo zikitupwa dirishani mitaani kwetu na majirani wakisogea kando. Lakini mtu anayeamka asubuhi ya siku ya tisa, akanywa chai yake, akachagua kabati, kisha akafagia! Huyo hajamaliza kupenda. Shoka lenyewe halisemi neno la haya yote. Kikaratasi ndicho kinachosema, na baada ya kukisoma unarudi kuliangalia lile shoka, na safari hii unaangalia makali yake.

(Hapa Kiswahili kimenipunguzia kazi. "Mpenzi" halina jinsia, wala "mwenzake", na msomaji amejaza mwenyewe nani alikuwa nani. Walikuwa wanawake wawili. Shoka halikujali.)

Au mguu wa bandia. Aliutoa mwanamume wa Zagreb aliyejeruhiwa katika vita vilivyoivunja Yugoslavia. Hospitalini alikutana na msichana mfanyakazi wa ustawi wa jamii kutoka Wizara ya Ulinzi, na alipokuwa akimhangaikia kupata vifaa vya kutengenezea mguu ule, wakapendana. Maelezo yake hayazidi sentensi chache, na ya mwisho ni utani: mguu umedumu kuliko mapenzi, ulitengenezwa kwa kitu kigumu zaidi. Najaribu kumfikiria huyu mtu siku aliyoupeleka. Mguu wa bandia hauwi kumbukumbu kama pete, kitu cha kuvua ukaweka kwenye droo. Kila asubuhi aliuvaa. Kila hatua aliyokwenda, kwa miaka, alikwenda juu ya kitu alichotafutiwa na yule msichana.

Kipo pia kijisanamu cha bustanini kutoka Ljubljana, kile kizee kifupi chenye kofia ndefu ambacho Wazungu hukiweka majanini. Ndoa ya miaka ishirini. Siku ya talaka mume akafika na gari jipya. Kijisanamu kikaruka, kikatua kwenye kioo cha mbele, kikadunda lami. Na kipo kibaniko cha mkate, kutoka Colorado, Marekani: aliyehama aliamua kumkomoa mwenzake kwa kuondoka nacho, tuone sasa atabanika mkate na nini. Nacheka kila nikikumbuka, kwa sababu ni ujinga mtupu na sote tumeufanya. Kijana mmoja ninayemfahamu alihama nyumba akang'oa balbu zote.

Waliotoa vitu hivi hawatajwi majina. Unapewa mji, na mara nyingi muda ambao mapenzi yalidumu, basi. Msomaji wa pwani atauliza, kama nilivyouliza mimi: huku si kuanika ya ndani? Tumelelewa kwamba ya chumbani yafungiwe chumbani. Lakini tazama kinachofanyika. Jina likiondolewa, aibu haina pa kushika. Kinachobaki ni kisa tu, na kisa kisicho na mwenyewe huwa cha kila mtu anayekisoma. Ndiyo maana watu hutembea polepole mle ndani.

Kwenye duka la kutokea huuzwa kifutio, cha kufuta penseli, kilichoandikwa kuwa ni cha kufutia kumbukumbu mbaya. Mimi nisingekinunua. Lakini nimeelewa kwa nini kinatoka.

Nguvu ya kikaratasi inaonekana vizuri zaidi pale kinapoguswa. Katika Art Institute ya Chicago kuna kazi ya Felix Gonzalez-Torres, msanii aliyezaliwa Kuba mwaka 1957 akafanyia kazi zake Marekani. Ni rundo la pipi. Pipi za kweli, zimefungwa katika karatasi za rangi zinazong'aa, zimemwagwa kwenye kona ya ukumbi. Mtazamaji anaruhusiwa kuinama, kuchukua moja, kuila. Kazi hiyo ya mwaka 1991 inamhusu Ross Laycock, mpenzi wa msanii, aliyefariki mwaka huohuo kwa UKIMWI. Uzito uliopangiwa rundo ni pauni 175, karibu kilo 79, unaochukuliwa na wengi kuwa uzito wa Ross alipokuwa mzima. Kila anayepita anaondoka na kipande chake. Rundo linapungua kama mgonjwa anavyopungua, kisha wahudumu wa jumba wanalijaza tena.

Sisi tuliouguza watu katika miaka ile ya tisini, tukawaona wakikonda kitandani hadi shuka inakuwa nzito kuliko wao, hatuhitaji mhadhara kuhusu kazi hii. Lakini tunahitaji kuambiwa ni nani. Mwaka 2022 watazamaji waligundua kwamba maelezo yaliyokuwa ukutani hayakusema Ross alikuwa nani wala kutaja ugonjwa wake. Yalizungumzia pipi na uzito tu. Malalamiko yakawa makubwa, na jumba likayaandika upya. Pipi zilikuwa zilezile, kona ileile, kilo zilezile. Sentensi mbili tatu zilipotoka, kifo kilitoka nazo, na mapenzi pia, na watoto wakabaki wanachukua pipi. Msanii mwenyewe hakuwepo kulalamika. Alifariki 1996, naye kwa UKIMWI.

Kuna aliyekwenda upande wa pili kabisa, akatupa kitu akabaki na maneno matupu. Sophie Calle, msanii wa Ufaransa, aliachwa kwa barua pepe. Hakuijibu. Aliigawa kwa wanawake 107, kila mmoja aisome kwa jicho la kazi yake, na matokeo akayaonyesha katika banda la Ufaransa kwenye maonyesho ya Venice mwaka 2007. Mwanasheria alitafuta makosa ya sheria, mhariri alitafuta makosa ya lugha, mcheza chesi aliigeuza mchezo, mlenga shabaha aliitoboa kwa risasi. Mmojawapo wa wale 107 alikuwa ndege, jamii ya kasuku, aliyeitafuna. Jina la maonyesho lilikuwa maneno ya mwisho ya barua yenyewe, yale ya kumwambia mtu ajitunze, ambayo kila mwenye kuacha huyaona ya huruma na kila mwenye kuachwa huyaona matusi.

Ni kazi ya akili kubwa, na kwa mwanamke wa Tanga si ngeni hata kidogo. Barua ya namna ile kwetu ingesomwa uani na mashoga wanne, mmoja akimenya vitunguu, na hukumu ingepatikana kabla wali haujapikika. Lakini nakiri imenipoza. Mia na saba wanazungumza, na aliyependwa hayumo. Ukiondoa vitu vyote ukaacha uchambuzi, unabaki na kesi. Kule Zagreb, kibaniko cha mkate bado kina makombo ndani yake, au mimi napenda kuamini hivyo.

Kitu na maneno, basi, kimoja kando ya kingine. Sisi tumeshona hivyo viwili kitambo. Kanga ina pindo lake pande zote, ina mji katikati, na chini ya mji ina jina, yaani yale maandishi, ambayo zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuhamia za Kirumi. Mume anayerudi safari na doti ya kanga ameleta vipande viwili vya nguo na sentensi moja. Mke akiipokea anaangalia nini kwanza? Rangi, atakuambia. Muongo. Macho yalishakwenda kwenye jina.

Tena kanga ina ujanja ambao hakuna kikaratasi cha makumbusho kinachouweza. Kikaratasi kinasema na wote. Kanga inasema na mmoja mbele ya wote. Mwanamke anapita mbele ya baraza la mke mwenzie, jina limekaa sawasawa nyuma chini ya kiuno, linasomeka hadi ng'ambo ya barabara, na akiulizwa atajibu kwa upole kabisa, mie nimependa rangi tu, dada yangu. Utamshitaki kwa lipi? Maneno si yake, ni ya kiwanda.

Ndiyo maana kanga zikining'inizwa ukutani huwa nazionea huruma. Mwaka 2013 British Museum ya London ilifanya maonyesho ya vitambaa vya Afrika, Social Fabric, na kanga zilikuwemo. Kuwemo ni heshima, nami sina ugomvi na heshima. Lakini kanga iliyotandazwa ukutani ni barua iliyofunguliwa isiyo na anwani. Jina linasomeka, linatafsiriwa, na bado hujui lililengwa kwa nani, lilivaliwa siku gani, na nani alijifunika uso kwa kucheka.

Bibi yangu alifariki akiwa na sanduku moja la bati. Siku ya arobaini ilipokwisha, wanawake wa nyumba walilifungua wagawane kanga zake, kama inavyofanywa. Nilikuwa mlangoni, kwa kuwa nilikuwa mtoto hakuna aliyenifukuza. Zilitoka kanga za kushindia, zimefuliwa hadi zimekuwa laini kama karatasi ya chooni, zilitoka za harusi za watu, zilitoka za misiba. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi, ilitoka doti nzima. Haijakatwa. Vipande viwili bado vimeshikana kama vilivyotoka dukani, wanga wake mkavu wa kiwandani bado unakwaruza vidole, mikunjo imejichora myeupe kwa miaka ya kulaliwa na nguo nyingine. Nyekundu na nyeusi. Shangazi mmoja akaikunjua kidogo, akasoma jina: Japo sipati tamaa sikati.

Kimya.

Babu alikuwa hanunui kanga za maneno. Hilo walikubaliana wote. Alikuwa mtu wa vibaraghashia na hesabu, akinunua kanga anamwambia muuzaji ampe yoyote. Mama akasema labda bibi aliinunua mwenyewe akasahau. Shangazi mkubwa akamtazama mama kwa jicho ambalo hadi leo nalikumbuka. Mtu hasahau doti ndani ya nailoni ndani ya sanduku, chini ya nguo zote. Mwingine akasema pengine ilitoka kwa shoga yake aliyehamia Pemba, wanawake nao hupeana. Mwingine akasema tuacheni, marehemu haulizwi.

Maneno yalikuwepo, yamechapwa kwa herufi kubwa, na hatukujua lolote. Nani alisema na nani? Bibi alipewa, au alinunua akashindwa kutoa? Yeye ndiye asiyepata, au ndiye aliyekosekana? Kama angekuwa Zagreb angeweza kuandika mistari mitano bila jina, mji Tanga, miaka kadhaa, na wageni wa nchi nyingine wangesimama hapo na kusoma polepole. Hakuandika. Aliifunga kwa uzi.

Kanga nyingine zote ziligawiwa siku ile. Doti ile hakuna aliyeiomba, na hakuna aliyesema itolewe sadaka. Shangazi mkubwa aliikunja kwa kufuata mikunjo yake ya zamani, akairudisha kwenye nailoni, akafunga uzi. Sanduku liko kwake hadi leo, na doti imo ndani, haijakatwa.